KIWANDA CHA SPIRITI YA MOLASI NA NJIA YA MAJI YA MLIMA MERU

(Ifuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, Masheha na wananchi. Inachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya wasomaji wote.)



 

Nimetakiwa nizungumzie namna ya kudhibiti athari za mazingira zinazotokana na ujenzi wa kiwanda cha kutengeneza spiriti kwa molasi. Nimechagua mfano wangu kutoka Jiji la Arusha na nchi inayouzunguka Mlima Meru. Huenda wapo wanaojiuliza: sisi watu wa visiwani tuna shughuli gani na Meru? Jawabu lipo, nami nitalifikia kwa kuyafuata maji.

Kabla sijaendelea, naomba nieleze jambo moja. Spiriti ninayoizungumzia ina matumizi mengi. Hutumika hospitalini kusafishia mikono na vidonda, hutumika katika vanishi na manukato, huweza kuwa nishati ya kupikia, na hutumika katika vileo. Kuhusu hilo la mwisho, wenye elimu ya dini wapo na kauli yao inajulikana. Mimi leo sikuja kutoa fatwa. Kwa upande wa mazingira, masalio ya mtambo ni yale yale, iwe spiriti imekwenda hospitali au imekwenda kwengineko.

KITAALAMU IKO UPANDE GANI?

Ndugu Mwenyekiti, miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika kazi hii, nilipewa jukumu la kuandika tangazo la mkutano wa wananchi kuhusu kiwanda kilichokusudiwa kujengwa karibu na makaazi yao. Kiwanda chenyewe sina haja ya kukitaja, wala hakikuwa cha spiriti. Katika tangazo lile niliandika sentensi ambayo niliiona nzuri: "Maji machafu yatashughulikiwa kitaalamu."

Siku ya mkutano akasimama mzee mmoja, mvuvi, karatasi yangu iko mkononi mwake, akaniuliza: "Mwanangu, hapa umeandika kuwa maji yatakwenda kitaalamu. Hiyo kitaalamu iko upande gani, kusini au kaskazini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwani sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimenakili maneno ya wenye mradi bila ya kuwauliza. Tangu siku hiyo, kila nikisoma taarifa ya kiwanda chochote hutafuta kwanza jawabu la swali la yule mzee. Kwa kiwanda cha spiriti ya molasi swali hilo ndilo kubwa kupita yote, na lazima lijibiwe kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

MOLASI HUGEUKAJE KUWA SPIRITI?

Molasi ni ule uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Tani moja ya miwa huacha takriban kilo 40 za molasi, na ndani yake bado mna sukari inayokaribia nusu ya uzito wake. Kiwandani molasi huchanganywa na maji, ikatiwa hamira, ikaachwa ichachuke kwa muda wa siku moja au zaidi. Kisha hupelekwa katika minara mirefu ikapashwa moto. Spiriti huchemka upesi kuliko maji, hivyo hupanda juu ikiwa mvuke, ikapozwa, ikadondoka ikiwa safi. Kwa Kiswahili fasaha kazi hii huitwa kukeneka. Ni ufundi wa jamaa moja na ule wanaoutumia watu wa Jabal Akhdar, Oman, kutoa maji ya mawaridi.

Nchini Tanzania viwanda vya aina hii vipo. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilifungua kiwanda chake mwaka 2013, chenye uwezo wa kutoa lita milioni 12 kwa mwaka. Mkoani Kilimanjaro, wilayani Mwanga, kipo kiwanda cha Kilimanjaro Biochem. Kwa jirani zetu wa Kenya, kampuni ya Agro-Chemical and Food iliyopo Muhoroni imekuwa ikikeneka molasi tangu miaka ya 1980.

Ama kwa ukanda wa Meru, miwa ya karibu ni ya shamba la TPC, lililoanzishwa katika miaka ya 1930 na kampuni ya Kidenmark. Shamba hilo liko mahali paitwapo Arusha Chini. Jina lisitupoteze: Arusha Chini haimo mkoani Arusha. Iko kusini ya Moshi, mkoani Kilimanjaro, katika tambarare ambayo maji ya Meru na maji ya Kilimanjaro huiendea yote mawili. Kwa hivyo mwekezaji anayefikiria kiwanda cha spiriti katika nchi hii ana njia mbili. Ama ajenge chini, kando ya miwa, ama abebe molasi kwa malori na kujenga juu, karibu na jiji, ambako zipo barabara, umeme na wanunuzi. Kwa macho ya biashara njia ya pili huweza kupendeza. Hebu tuitazame kwa macho ya maji.

HESABU YA MASALIO

Tuchukue kiwanda cha mfano chenye kutoa lita 30,000 za spiriti kwa siku. Kila lita ya spiriti huhitaji takriban kilo 4 za molasi, kwa hivyo kiwanda hiki kitakula tani 120 za molasi kila siku. Spiriti ikishatoka, chini ya mnara hubaki maji ya masalio, lita 10 hadi 15 kwa kila lita moja ya spiriti. Tukishika 12, tunapata lita 360,000 kwa siku. Hayo ni maboza 36 ya lita 10,000 kila moja, leo, na kesho, na keshokutwa.

Maji haya hutoka yakiwa ya moto sana, makali kwa tindikali, na yenye rangi ya kahawia iliyokoza. Hayana sumu ya kuua papo kwa papo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Watu husema: "Hii ni miwa tu, ni kama mbolea." Hatari yake ni ya namna nyengine. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na lita moja ya maji mazuri ya mto huwa na miligramu 8 tu hivi za oksijeni. Vijidudu vinavyoozesha uchafu navyo hutumia oksijeni hiyo hiyo. Wataalamu hupima uchafu kwa kuangalia ni oksijeni kiasi gani vijidudu vitahitaji ili kuumaliza. Kwa masalio ya molasi kipimo hicho huweza kufika miligramu 45,000 kwa lita moja. Yakimwagwa mtoni, oksijeni humalizwa, samaki hufa kwa kukosa pumzi, na maji huanza kutoa harufu ya yai viza.

Kwa kiwanda chetu cha mfano, mzigo wa siku moja ni zaidi ya tani 16 kwa kipimo hicho. Uchafu wa mtu mmoja kwa siku, kwa kipimo hicho hicho, ni gramu 50 hivi. Maana yake ni kwamba kiwanda kimoja cha wastani hutoa mzigo sawa na wa watu zaidi ya 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 617,000 katika Jiji la Arusha. Kiwanda kimoja ni sawa na nusu ya jiji zima.

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania Bara za mwaka 2007 zinataka maji yanayotiririshwa na kiwanda yasizidi miligramu 30 kwa kipimo hicho. Kutoka 45,000 hadi 30 ni kupunguza mara 1,500. Akitokea mtu akasema kuwa mto utayazimua, mpeni hesabu hii: kila lita moja ya masalio ingehitaji lita 1,500 za maji yasiyo na uchafu wowote. Kwa kiwanda chetu hizo ni zaidi ya lita 6,000 kwa kila sekunde, usiku na mchana. Mto Themi wakati wa kiangazi hauna maji hayo.

MAJI YA MERU YANAKWENDA WAPI?

Ndugu Mwenyekiti, Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na misitu ya miteremko yake ndiyo inayoshika mvua na kuitoa kidogo kidogo katika chemchemi. Mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Burka hupita Arusha mjini. Upande wa mashariki uko Tengeru, Usa River na Maji ya Chai. Nilipopita katika nchi hiyo niliona bustani za mboga kando ya mito, na mifereji ya umwagiliaji ambayo wakulima hugawana maji yake kwa zamu, kila mtu na siku yake. Mwenye zamu ya Jumanne hana maji mengine ya kwenda kuyatafuta iwapo ya Jumanne yameharibika.

Tena nchi hiyo ina mtihani wake wa asili. Miamba ya volkeno hutia floridi katika maji, na katika sehemu nyingi za Meru floridi huzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Watoto huota meno ya kahawia, na wengine hupinda mifupa. Pale Ngurdoto pana kituo cha utafiti cha kuondoa floridi katika maji. Mahali kama hapo kila chemchemi safi ina thamani ya dhahabu, na kiwanda cha spiriti ni mnywaji mkubwa wa maji, ya kuchanganyia molasi na ya kupozea mitambo. Kwa hivyo athari huanza katika kuchukua maji, kabla hata ya kuyarudisha.

Sasa tuyafuate maji. Themi hushuka kusini ukaingia Mto Kikuletwa. Maji ya Usa River nayo huishia huko. Kikuletwa hupita mashamba ya Mbuguni, ukateremka hadi tambarare za Arusha Chini, kisha ukaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960. Hapo kuna wavuvi na kuna mtambo wa umeme. Kutoka bwawani mto huitwa Pangani. Huteremka kupitia Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, ukatokea baharini kwenye mji wa Pangani. Na mbele ya Pangani, ukitazama mashariki, Pemba iko kushoto kwako na ncha ya Nungwi iko kulia.

Hili ndilo jawabu nililoahidi. Sisemi kwamba masalio yatakayomwagwa Arusha yatafika Nungwi yakiwa na rangi yao. Safari ni ndefu na bwawa liko katikati. Nasema kwamba mto mmoja umetufunga na watu wa Meru, Wapare, Wazigua na watu wa Pangani. Mkulima wa Mbuguni na mvuvi wa Nyumba ya Mungu wataumia mwanzo, lakini hakuna mtu katika njia hiyo yote anayeweza kusema kuwa jambo halimhusu.

DAWA ZILIZOPO NA MIPAKA YAKE

Baada ya kueleza ugonjwa, sina budi kueleza dawa, kwa sababu dawa zipo na viwanda vingi duniani vinazitumia.

Dawa ya kwanza ni mtambo wa gesi. Masalio huwekwa katika matangi makubwa yaliyofungwa yasiingie hewa, vijidudu visivyohitaji oksijeni vikayala na kutoa gesi inayowaka. Kiwanda chetu cha mfano kingeweza kupata mita za ujazo zipatazo 10,000 za gesi kwa siku na kuichoma katika boila, kuni au mafuta mazito yakapungua. Huu ni mpango mzuri na unalipa. Lakini naomba wasikilizaji wawe waangalifu hapa. Mtambo wa gesi ukifanya kazi vyema huondoa asilimia 80 hadi 90 ya mzigo. Ukiondoa asilimia 90 ya 45,000, inabaki 4,500, nayo ni mara 150 ya kiwango cha kanuni. Anayesema "tutajenga mtambo wa gesi" amesema jambo la kweli, lakini amesema nusu yake. Muulizeni: na kinachobaki?

Dawa ya pili ni kuyarudisha masalio shambani. Miwa ilinyonya potasiamu kutoka ardhini, nayo imo ndani ya masalio, kwani mtambo wa gesi hauiondoi. Brazil, ambayo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa spiriti ya miwa, ilipiga marufuku kumwaga masalio mitoni mwaka 1978, na tangu hapo yakaenea mashambani yakiwa mbolea ya maji. Hapa tena hesabu inatusaidia. Kila mita moja ya ujazo ya masalio huwa na takriban kilo 10 za potasiamu. Kiwanda chetu, kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, kitatoa tani 1,080 za potasiamu. Tukiipa hekta moja ya miwa kilo 200 kwa mwaka, tunahitaji hekta 5,400. Tukiimwaga yote katika eneo dogo, ardhi hujaa chumvi na maji ya visima huharibika. Katika tambarare za Arusha Chini hadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu ardhi ya huko tayari ina sehemu zenye chumvi na magadi.

Dawa ya tatu ni kuchanganya masalio na tope la chujio la kiwanda cha sukari na kuyaozesha yawe mboji. Dawa ya nne ni kuyakausha kwa mvuke hadi yawe mazito kama molasi yenyewe, kisha yauzwe kuwa mbolea au yachomwe katika boila maalum. Wenzetu wa visiwa vya Mauritius hugeuza masalio kuwa mbolea nzito kwa njia hii, na India imevitaka viwanda vyake vya spiriti visitoe nje hata tone moja. Njia hii hutaka fedha nyingi na nishati nyingi, lakini ndiyo inayofaa pale ambapo shamba la kutosha halipo.

Sasa mtaona kwa nini mahali pa kiwanda ndipo penye uamuzi mkubwa. Kiwanda kikijengwa kando ya maelfu ya hekta za miwa, masalio yana shamba la kuyapokea. Kikijengwa Njiro au Unga Limited, katika maeneo ya viwanda ya Arusha, hakuna hekta 5,000 za jirani. Humo kiwanda kitabaki na njia mbili: kukausha kwa gharama kubwa, au kulimbikiza katika mabwawa na kuomba mvua isinyeshe. Na Meru mvua hunyesha. Waliokuwapo wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 hawana haja ya kuelezwa jinsi kingo za udongo zinavyobomoka.

MAMBO MENGINE YASIYOSAHAULIKA

Kwa ufupi nitaje mengine. Wakati wa ujenzi kuna udongo unaochimbuliwa, nao hushuka mitoni kwa mvua ya kwanza iwapo misingi ya kuzuia haikuchimbwa mapema. Kuna vumbi, malori na kambi ya wajenzi inayohitaji vyoo. Kazi ikianza kuna hatari ya moto, kwa kuwa spiriti huwaka upesi, kwa hivyo matangi yajengewe kuta za kuzunguka na yawe mbali na nyumba. Matangi ya molasi nayo hupasuka, na molasi ikiingia mtoni huua samaki kama masalio. Tena katika kuchachuka hutoka gesi ya kaboni, zaidi ya robo tatu ya kilo kwa kila lita ya spiriti. Ni nzito kuliko hewa, hutulia ndani ya pipa tupu, na mfanyakazi anayeingia kusafisha bila ya kupimiwa hewa huweza asitoke hai.

SHERIA NA WAJIBU WETU

Ndugu Mwenyekiti, sheria hazikosekani. Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, inayotaka Tathmini ya Athari kwa Mazingira ifanywe kabla ya mradi kuanza. Sheria hiyo inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, ambayo kwayo mwenye kiwanda huhitaji kibali cha kuchukua maji na kibali cha kutiririsha majitaka. Kwa Meru vibali hivyo ni kazi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, bonde lililokuwa la kwanza nchini kupata ofisi yake, mwaka 1991. Kwa upande wetu Zanzibar, mazingira yana sheria yake wenyewe, Na. 3 ya mwaka 2015, na yana mamlaka yake, ZEMA.

Kanuni za Bara za mwaka 2005 zinataka muhtasari wa ripoti ya tathmini uandikwe kwa Kiswahili pia. Hapa nasema na watumishi wenzangu wa habari. Muhtasari huo ndio mlango pekee wa mwananchi kuingia katika ripoti yenye mamia ya kurasa. Tukiuandika kwa maneno kama "kitaalamu", "ipasavyo" na "kwa kuzingatia taratibu", tumeufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Tuandike lita ngapi, zinakwenda wapi, katika shamba la nani, na nani atapima.

Na wananchi, mkiitwa katika mkutano wa kutoa maoni, nendeni. Ulizeni haya:

1. Kiwanda kitachukua maji lita ngapi kwa siku, kutoka chemchemi au mto gani, na wenye zamu za mifereji watabakiwa na nini wakati wa kiangazi?

2. Masalio yatakuwa lita ngapi kwa siku, na baada ya mtambo wa gesi yatakwenda wapi?

3. Iwapo yanakwenda shambani, ni hekta ngapi, mwenye shamba amekubali kwa maandishi, na nani anapima udongo na visima?

4. Iwapo yanawekwa mabwawani, mabwawa yametandikwa nini, na yanaweza kubeba mvua ya masika kwa siku ngapi bila ya kufurika?

5. Mtambo wa kusafisha ukiharibika, je, uzalishaji wa spiriti utasimama siku hiyo hiyo?

Hilo la tano ndilo kipimo cha nia. Mwenye kiwanda atakayejibu kwa maandishi kwamba uzalishaji utasimama, amekubali kuwa mto una haki. Atakayesema kuwa watatafuta utaratibu wa dharura, huyo utaratibu wake wa dharura ni mto.

SISI WA VISIWANI

Namalizia nyumbani. Unguja tunayo Mahonda, eneo letu la miwa na kiwanda cha sukari, na palipo na sukari pana molasi. Siku moja huenda likaja pendekezo la kuikeneka hapa hapa. Likija, tukumbuke kwamba sisi hatuna Kikuletwa wala Nyumba ya Mungu. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa yako chini ya ardhi, na mwamba wetu wa matumbawe umejaa matundu. Kinachomwagwa juu ya mwamba huo huzama kikafika kisimani bila ya kupita kwenye daraja lolote ambalo mtu anaweza kusimama akaona rangi imebadilika. Watu wa Arusha wakitazama Themi wanaona. Sisi tutajua kwa kuonja.

Kwa hivyo, pendekezo lolote la aina hiyo likifika katika ofisi ya Serikali, ombi langu kwa mtumishi atakayelipokea ni dogo. Kabla hajapiga muhuri, atafute katika kurasa zake jawabu la yule mzee mvuvi. Ramani ioneshe upande, na jadweli ioneshe lita. Kama havimo, faili lirudishwe kwa mwenyewe akalikamilishe. Kulirudisha si kuzuia maendeleo. Kiwanda kizuri hakiogopi swali hilo, kwa kuwa kimeshalijibu katika michoro yake.

Ndugu Mwenyekiti, yule mzee amekwishatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sikupata kumjibu siku ile. Mazungumzo haya ndiyo jawabu langu kwake, limechelewa.